Mwalimu, usichome madaftari hayo

Mazungumzo ya wiki hii yanahusu karatasi na simu. Sina nia ya kuzigombanisha. Wanaozigombanisha wapo tayari, tena ni wengi. Kundi moja linasema karatasi imepitwa na wakati, kila kitu sasa kiwekwe ndani ya simu. Kundi la pili, ambalo wengi wake ni watu wa rika langu, linasema simu ni chombo cha porojo na kwamba fikra za maana haziwezi kukaa humo. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali lenyewe ni hili: jambo uliloliandika leo, utalipataje baada ya miaka kumi, na nani mwingine ataweza kulipata ikiwa wewe haupo?

Swali hilo nimeletewa na msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi huko milimani Usambara. Shikamoo, Mwalimu. Anaeleza katika barua yake kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akikusanya maneno na methali za Kisambaa, majina ya miti na matumizi yake, majina ya nyakati za kilimo, na mambo mengine mengi aliyosimuliwa na wazee. Ameyaandika yote kwa mkono katika madaftari makubwa kumi na manne, yale tunayoyaita kauntabuku. Wengi wa wazee waliomsimulia wamekwisha fariki dunia. Sasa mjukuu wake, kijana wa chuo, anamshauri apige picha kurasa zote kwa simu kisha madaftari yachomwe moto, maana yamejaza chumba na mchwa wameanza kuyanyemelea. Mwalimu anauliza, afanyeje?

Jibu langu fupi ni kwamba asichome. Jibu refu litachukua muda wote tulionao leo, kwa sababu mjukuu naye ana hoja, na hoja hiyo isiposikilizwa madaftari hayo yatapotea vilevile, ila yatapotea polepole.

Hoja ya mjukuu ni kwamba karatasi ina udhaifu wa kukaa mahali pamoja tu. Ikiungua pale, ikilowa pale, basi imekwisha. Mfano mzuri ni kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, na kazi yote ilifanywa kwa vipande vya karatasi. Wasomaji wa kujitolea walisoma vitabu, wakanakili neno moja na sentensi yake juu ya kipande kimoja, kisha wakakipeleka kwa mhariri. Mhariri aliyejulikana zaidi, James Murray, alijenga kibanda cha mabati kwa ajili ya kazi hiyo na kukijaza rafu zenye vijumba vidogo vidogo kama vya masanduku ya posta. Vipande hivyo vilifikia mamilioni.

Lakini angalia hali aliyovikuta navyo vile vya zamani alivyorithi. Vililetwa kwa magunia. Gunia moja lilikuwa na panya aliyekufa, jingine lilikuwa na panya hai pamoja na watoto wake. Vipande vya maneno yanayoanza na herufi Pa vilikuja kupatikana Ireland katika banda la farasi, na vingi kati yake vilikuwa vimekwisha kutumika kuwashia moto. Hata baada ya kibanda kupata utaratibu mzuri, neno moja la Kiingereza lenye maana ya mjakazi, yaani bondmaid, lilikosekana kabisa katika juzuu lililokamilika mwaka 1888, kwa sababu tu vipande vyake vilipotea. Likaja kuingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Yaani neno lilikaa nje ya kamusi ya lugha yake kwa miaka arobaini na mitano, na hakuna aliyelikataa.

Fikiria sasa neno la Kisambaa lililoandikwa mara moja tu, katika daftari moja tu, kutoka kwa bibi mmoja aliyekwisha kufariki. Hilo halina nyongeza ya kuliokoa. Kwa hiyo mjukuu anaposema picha zipigwe, namuunga mkono kabisa, na ningependa aanze kesho.

Ninapoachana naye ni kwenye kiberiti.

Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 ya kitabu chao maarufu cha sensa ya mali na ardhi, Domesday Book, kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William. Shirika la utangazaji la BBC likaamua kutengeneza kitabu kipya cha aina hiyo, safari hii kwa kompyuta. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi wa shule, wakiandika habari za vijiji na mitaa yao, wakapiga picha na kuchora ramani. Yote yaliwekwa kwenye sahani maalumu za kusomwa kwa mwanga, zikaendeshwa na kompyuta ya aina maalumu. Gharama ilikuwa kama pauni milioni mbili na nusu. Haikupita miaka ishirini, kompyuta za aina ile zikawa adimu na mashine za kusomea sahani zile hazitengenezwi tena. Kufikia mwaka 2002 wataalamu walikuwa wanahangaika kuokoa habari za miaka kumi na sita tu iliyopita, wakati kile kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kilikuwa bado kinasomeka. Kazi ya wale watoto iliokolewa, na mwaka 2011 BBC iliiweka kwenye intaneti. Lakini iliokolewa kwa sababu ilikuwa na wenyewe wakubwa. Simu ya mjukuu ikidondoka kisimani, nani ataunda kamati?

Na sisi watu wa pwani tunao ushahidi wetu juu ya karatasi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki midomoni mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika. Mwalimu Sikujua naye alifariki mwaka 1890. Kwa msaada wake Mwingereza W. E. Taylor aliyanakili kwa herufi za Kirumi, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kuwa diwani. Hesabu mwenyewe: miaka mia moja kutoka kifo cha mshairi hadi kitabu, na hamsini kutoka kifo cha mkusanyaji. Katika miaka hiyo hamsini karatasi hazikuhitaji umeme, wala neno la siri, wala mtu wa kulipia ada ya kila mwezi. Zilihitaji tu mtu asizitupe.

Kwa hiyo tunavyo vyombo viwili. Karatasi inadumu lakini haijitafuti. Ukitaka kujua Mwalimu aliandika nini juu ya mti wa mvule, itabidi ufunue madaftari yote kumi na manne. Simu inatafuta kwa nukta moja, lakini uhai wake ni mfupi. Kinachotakiwa ni kuviunganisha, na kitu cha kuviunganisha ni kidogo sana, hata watu hukidharau. Ni namba.

Mtu aliyelionyesha jambo hili vizuri kuliko wengi ni Mjerumani mmoja aitwaye Niklas Luhmann, mtaalamu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Bielefeld. Alizaliwa mwaka 1927, akafariki mwaka 1998. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950 alijiwekea desturi ya kuandika kila wazo juu ya kipande kidogo cha karatasi, nusu ya nusu ya karatasi ya kawaida ya kuchapia. Hakununua karatasi za fahari; mara nyingi alitumia zile zilizokwisha kuandikwa upande mmoja. Alipofariki aliacha vipande kama elfu tisini katika masanduku ya mbao, na vitabu vyake zaidi ya hamsini vilitokana na masanduku hayo.

Siri yake ilikuwa nini? Hakuvipanga kwa mada, hili la ndoa huku na hili la sheria kule. Alikipa kila kipande namba ambayo haikubadilika tena maisha yake yote. Tuseme kipande namba 57/12 kinafuatiwa na 57/13. Baada ya miaka mitatu anapata wazo jipya linalohusu kile cha 57/12. Hafuti kitu, wala haandiki upya. Anachukua kipande kipya, anakiita 57/12a, anakipachika hapo katikati. Kikija kingine, kinakuwa 57/12b. Na ikiwa wazo la namba 57/12 lina undugu na wazo lililoko sanduku la mbali, anaandika namba ya huko pembeni, basi. Mwishoni alikuwa na orodha ya maneno kwa alfabeti, na mbele ya kila neno namba chache tu, moja au mbili au tatu. Hakujaribu kuorodhesha kila mahali neno lilipotajwa. Alitaka mlango mmoja wa kuingilia. Akishaingia, namba za pembeni zingempeleka kwingine.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka 2011 chuo chake kilinunua masanduku hayo, mwaka 2015 kikaanza kazi ya kuyaingiza katika kompyuta, na tangu mwaka 2019 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyatazama. Wenye kazi hawakuhitaji kubuni utaratibu mpya. Namba aliyoiandika Luhmann kwa mkono wake ndiyo hiyohiyo unayoibonyeza leo kwenye kioo na kupelekwa kwenye kipande kingine. Mtu aliyefanya kazi yake yote kwa kalamu aliacha kitu kilichokuwa tayari kwa mashine. Na karatasi zenyewe bado zipo Bielefeld.

Nije basi kwa Mwalimu, hatua kwa hatua, na mjukuu atege sikio.

Kwanza madaftari yapewe namba, kutoka 01 hadi 14. Usiandike 1 bali 01. Mashine hupanga majina kwa kutazama herufi ya kwanza, kisha ya pili, kwa hiyo mara nyingi daftari la 10 utalikuta limekaa mbele ya daftari la 7. Ukiandika 07 tatizo hilo linakwisha. Kisha kila ukurasa uandikwe namba yake juu pembeni, kwa penseli, pamoja na namba ya daftari: 07-112, yaani daftari la saba, ukurasa wa mia na kumi na mbili. Hii ni kazi ya kuchosha na haina sifa yoyote. Ifanyike kabla ya picha, si baada yake, ili namba ionekane ndani ya picha yenyewe. Simu huzipa picha majina yake yenyewe ya tarehe na saa, na picha zikihamishwa huku na huku majina hayo hubadilika. Lakini namba iliyoandikwa juu ya ukurasa haiwezi kutoka kwenye picha.

Pili, asijaribu kuchapa yote kwenye simu. Hapa ndipo watu wengi wenye ari hukwama. Tufanye hesabu. Tuseme kila daftari lina kurasa 192. Madaftari kumi na manne ni kurasa 2,688. Akichapa kurasa nne kwa siku, bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili, atamaliza baada ya siku 672, karibu miaka miwili. Nina hakika kabla ya mwezi wa tatu simu itawekwa mezani na haitaguswa tena. Lakini akitengeneza faharasa tu, yaani kusoma ukurasa na kuandika kwenye simu maneno matatu au manne makubwa yaliyomo pamoja na namba ya ukurasa, kurasa ishirini kwa siku zinawezekana. Hizo ni siku 135. Atasoma yeye, mjukuu atabonyeza.

Zipo programu zinazodai kusoma mwandiko wa mkono kutoka kwenye picha, na zinaendelea kuwa bora. Zijaribiwe. Ila zimefundishwa zaidi kwa lugha kubwa za dunia, na nisingetegemea zitofautishe neno la Kisambaa na doa la wino. Kwa kazi hiyo Mwalimu ndiye mtaalamu, na yupo leo.

Tatu ni tahajia, na hapa lugha zetu zina mambo yake. Mashine hutafuta herufi, haitafuti maana. Mwingereza maneno yake mengi hubadilika mwishoni, kwa hiyo akiandika mwanzo wa neno analipata. Sisi maneno yetu hubadilika mbele. Ukiandika kijiji hutapata vijiji. Ukiandika mtoto hutapata watoto. Dawa yake ni kuamua tangu siku ya kwanza kwamba faharasa itatumia umoja peke yake, na ukitaka kutafuta ndani ya maandishi marefu, tafuta shina: andika toto, utapata mtoto na watoto, andika lim, utapata analima, walilima na kilimo. Ila jino na meno hayana hata shina linalofanana machoni mwa mashine. Hayo andika yote mawili. Kisambaa nacho hubadilisha maneno yake mbele kama Kiswahili, kwa hiyo kanuni ni ileile.

Nne, faharasa hiyo iandikwe katika faili la kawaida kabisa, la maandishi matupu au jedwali la kawaida, lisilotegemea programu moja tu. Yapo makampuni mengi yanayotoa programu za kutunzia mawazo, nyingine nzuri kweli, na mimi mwenyewe nimo katika mojawapo. Lakini Google ilikuwa na programu yake ya madaftari, ikaifunga mwaka 2012. Kampuni kubwa kama hiyo ikichoka, haituulizi. Na faharasa ikikamilika ichapishwe kwenye karatasi, ifungwe pamoja na madaftari, ili atakayeyakuta bila simu asihangaike.

Tano, njia iwe ya kwenda na kurudi. Mjukuu akimrekodi mzee sauti kwa simu, rekodi ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa daftari unaohusika. Asiandike tu kwamba sauti ipo kwenye simu. Simu ipi? Ya mwaka gani?

Nakala za picha ziwe mahali pawili mbali na nyumba hiyo, moja kwenye intaneti na nyingine kwenye flashi kwa ndugu wa mji mwingine. Na kuhusu mchwa, madaftari yainuliwe juu ya sakafu na yasiguse ukuta, ndani ya sanduku la bati. Mchwa hupita udongoni na ukutani. Sanduku lililosimama juu ya miguu unaweza kulikagua pande zote kila wiki.

Kabla sijamaliza, wapo watakaosema mimi natetea kuandika kwa mkono kwa sababu ya mapenzi tu ya ujana wangu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, walitoa utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika mhadhara kwa kompyuta walinakili maneno mengi zaidi ya mhadhiri, lakini walijibu vibaya zaidi maswali yaliyotaka uelewa. Utafiti huo ulishangiliwa sana. Wengine walipoyarudia majaribio hayo, mwaka 2019 na mwaka 2021, tofauti haikujitokeza wazi kiasi hicho. Kwa hiyo siutumii kama fimbo. Ninachoweza kusema ni kwamba mazungumzo haya ya kila wiki huanzia kwenye vipande vya karatasi mfukoni mwangu, kwa kuwa kalamu hainiletei ujumbe wa mtu mwingine wakati nikiandika.

Wasikilizaji wa mjini wasidhani hili ni la wazee wa milimani peke yao. Fundi cherehani mwenye daftari la vipimo vya wateja miaka minane anaweza kufanya hayohayo kwa jioni chache: ampe kila mteja namba, vipimo vibaki kwenye daftari, na kwenye simu, pale penye jina la mteja, aongeze namba yake. Mteja akipiga simu kutaka suti nyingine kama ile ya harusi, jina linatokea kwenye kioo na namba ikiwa pembeni yake. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa afanye vivyo hivyo na kumbukumbu za mikutano, ili mkopo wa mwaka juzi usitafutwe kwa ugomvi. Daftari likijaa, jipya lisianze tena na namba 1. Liendelee pale la zamani lilipoishia.